Karani Asiyefuta

Karani wetu wa usharika hakuwahi kufuta kitu katika ile kompyuta ya ofisini, hata kimoja, kwa miaka yote niliyomfahamu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichanganya kuliko yote. Kompyuta ile ilitunza matangazo ya harambee zilizokwisha kusahauliwa, na orodha za kwaya ambazo nusu ya waimbaji wake tumeshawazika. Kitu kimoja tu kilipotea humo, nacho ni maneno ya mwisho ya baba yangu.

Baba hakuwa mtu wa kalamu. Alipoona afya inamtupa mkono, alikwenda ofisini akakaa na karani saa nzima, mlango umefungwa, akasema nani apate nini. Mimi ndiye niliyemsindikiza, nikamsubiri kwenye benchi la nje. Alipotoka alinishika bega akasema, "Nimemaliza," nami nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda kule Arusha. Nililala katika nyumba ya wazee na kulima sehemu ya juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba na ile kahawa iliyobaki. Kaka yangu aliishi Shirimatunda na kufanya biashara ya mizigo Himo, na alitaka kung'oa kahawa ile ajenge vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo maneno yale ya baba ndiyo yangeamua kama nina pa kulala au sina.

Lakini nimwelezee karani kwanza, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sweta la mtumba la rangi ya udongo alilolivaa hata jua la Februari likiwaka. Kabla ya kugusa kompyuta alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akainusa, kisha akaketi. Alisema utomvu wa ndizi ukiingia kwenye vitufe hautoki mpaka Bwana arudi. Mtu akiingia na mikono ya shambani alimwambia asimame palepale mlangoni na aseme shida yake kwa sauti. Hivyo shida za nusu ya usharika zilisikika barabarani, na yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akituhubiria kwamba ofisi ya kanisa ni mahali pa siri. Nilimwuliza siku moja haoni kama hapo kuna kasoro. Alinitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Kompyuta yenyewe ilikuja na wageni, marafiki wa usharika kutoka Ujerumani. Kijana mmoja kati yao aliifunga, akaweka programu ya kupangia mafaili, akatuachia karatasi moja ya maelezo kwa Kiingereza, akaenda kupanda mlima na hatukumwona tena. Haikuwa na kipanya wala picha. Ukiiwasha inakuja nyeusi yenye herufi nyeupe. Unaandika herufi mbili, unabonyeza Enter, ndipo kioo kinageuka bluu na kugawanyika vyumba viwili, kushoto na kulia, kila chumba na orodha yake ya majina. Unachagua kitu kwenye chumba kimoja, unatoa amri, kinakwenda kwenye chumba cha pili. Maneno yote ya amri yalikuwa ya Kijerumani.

Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Moshi mjini na nilikuwa nachapa kazi za watu katika duka moja la steshenari. Wazee wa kanisa waliona hiyo inatosha. Nikawa fundi wa Jumatano na Jumamosi, nami sikuthubutu kuwaambia kwamba kozi yangu ilikuwa ya mashine zenye picha, na kwamba kioo kile cha bluu nilikiona kwa mara ya kwanza siku ileile walipokiona wao.

Karani hakutishika. Chumba cha kushoto alikiita Juu, cha kulia akakiita Chini. Kwetu mwenye bahati ana kihamba juu, wanapokaa watu, ng'ombe na makaburi, na ana shamba chini tambarare kwa ajili ya mahindi na maharage. Naye alipanga mafaili hivyohivyo. Barua za wiki hii zilikaa Juu. Za mwaka jana aliziteremsha Chini, katika folda aliyoiita AKIBA, na kila alipoteremsha kitu alikisindikiza kwa maneno: "Nenda, tutakufuata." Nilijaribu kumweleza kwamba Juu na Chini zote zimo ndani ya sanduku moja, na kwamba kushoto kunaweza kuwa kulia ukitaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kama kushoto kunaweza kuwa kulia, mimi ninalalaje usiku?

Vile vitufe vya juu vyenye herufi F vilikuwa vimegoma. Karatasi ya yule kijana ilisema basi tubonyeze Esc kisha namba: tano kunakili, sita kuhamisha, nane kufuta. Karani aliposikia nane ni kufuta, alitoa plasta ya vidonda kwenye sanduku la huduma ya kwanza akaibandika juu ya kitufe hicho. Tangu siku hiyo hakuna tangazo la usharika wetu lililokuwa na namba nane. Nyimbo nyingine zote ziliandikwa kwa namba, lakini wimbo wa themanini ulikuja kwa maneno, na ibada ya saa mbili na dakika kumi na nane ikawa sentensi ndefu. Wageni walidhani ni utaratibu wetu wa Kilutheri. Nilipomlalamikia kwamba diski inajaa, kwamba nimekuta nakala kumi na moja za tangazo moja la mnada wa mavuno, alijibu, "Anayefuta leo anajuaje ya kesho?" Nikaziacha zote kumi na moja.

Kuna wiki niliyotaka kuonyesha umahiri. Niliamua kuifanya ile programu izungumze Kiingereza. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile kwa kubahatisha, nikaizima na kuiwasha. Kijerumani kilibaki palepale, lakini mistari iliyotenganisha vyumba ikageuka kuwa herufi, safu ya q kwenda kulia na safu ya x kwenda chini, kioo kizima. Nilirudisha nilichokumbuka kukigusa, nikagusa na nisivyokumbuka. Siku tatu mfululizo niliacha kazi ya mjini nikaja kushika tama mbele ya q na x. Karani aliendelea na kazi zake kama kawaida.

"Mzee, huoni palivyoharibika?"

"Naona majina ya watu yapo. Mimi nasoma waliomo, sisomi uzio."

Siku ya nne nilipofika mistari ilikuwa imerudi. Aliniambia hakugusa kitu. Sijui kama alisema kweli, na sijui kama mimi mwenyewe ndiye niliyeponya bila kujua. Nilisema "Nilikuambia nitaweza," naye akaitikia kwa kichwa.

Ukweli alikuwa nao mkali. Baba mmoja alimwomba apunguze mwaka mmoja kwenye barua ya mtoto ili apokelewe shule. Karani akamwambia, "Mimi ni vidole tu. Vidole havizai mtoto mara ya pili." Mwingine alitaka barua ya kumsifu binamu yake aliyekuwa anaomba kazi ya kuongoza wageni mlimani, akaandikiwa kwamba muombaji huamka mapema siku za Jumapili. Lakini mtu huyuhuyu aliandika waraka mzito wa wazee wa kanisa dhidi ya ulevi, akauchapa bila kosa hata moja, kisha jioni hiyohiyo nikamkuta kwa jirani na kata ya mbege mkononi, povu kwenye masharubu. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "waraka unaanza Jumatatu." Ulikuwa haujasema siku yoyote. Nilirudi nyumbani nikiwaza kama ule nao ni uongo au ni kitu kingine ambacho sina jina lake.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Programu ile ilikuwa na tabia ya kuuliza. Ukihamisha faili kwenda mahali penye faili lingine la jina hilohilo, kisanduku chekundu kinatokea na swali la Kijerumani: lile la zamani lifunikwe au lisifunikwe? Karani hakukubali kujibu asichokielewa. Swali likitokea Jumatano nikiwa nimeshaondoka, aliliacha palepale kwenye kioo, akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akaandika kwa mkono mpaka Jumamosi nilipofika. Umeme ukikatika katikati, alisema swali limejibiwa na Mungu. Nilichoka. Siku moja, kwa hasira na kwa haraka ya kurudi mjini, niliichimba ile karatasi ya kijana, nikapata mahali pa mipangilio ya maswali, nikayazima yote. Programu ikanyamaza. Karani akanishukuru, akasema sasa anaweza kuteremsha mizigo yake kwa amani.

Na kwetu majina yanarudi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Mwana mkubwa wa kaka yangu alibeba jina la baba herufi kwa herufi, la ubatizo na la ukoo, na mwaka uleule baba alipokwenda kwa karani alipata kipaimara, akaandikiwa barua yake. Karani aliyaita mafaili kwa jina la mtu, bila tarehe wala neno la ziada. Juu yalikaa kwenye folda tofauti, wazee kwao na vijana kwao. Chini yote yaliishia kwenye AKIBA moja.

Baba alifariki kabla maneno yake hayajatolewa kwenye karatasi, maana utepe wa printa ulikuwa umekauka na tulikuwa tukisubiri mwingine kutoka mjini. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba yake. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo waliketi uani kwetu, kaka upande mmoja na mimi upande wa pili, wakamwita karani.

"Tunaomba maneno ya marehemu."

Karani alisimama, kofia mkononi. Alisema, "Nimetazama Juu na nimetazama Chini. Katika orodha siyaoni."

Tulikwenda ofisini, mimi na wazee wawili. Nilifungua vyumba vyote viwili. Kwenye folda ya wazee jina la baba halikuwepo. Kwenye AKIBA lilikuwepo, nikalifungua, nikasoma: kijana huyu amehitimu mafundisho ya kipaimara. Nikaelewa palepale. Maneno ya babu yaliteremshwa, kisha barua ya mjukuu ikateremshwa juu yake kwa jina lilelile, na programu haikuuliza kwa sababu mimi ndiye niliyeizima mdomo. Nilikaa sakafuni. Nililia mbele ya wazee, nikawaambia kosa ni langu. Karani alikuwa amesimama mlangoni, akitazama viatu vyake.

"Mzee, wewe ndiye uliyeandika," mzee mmoja akamwambia. "Tuambie alisema nini."

"Mimi ni vidole tu," karani akajibu. "Vidole havitoi ushahidi."

Wakamsihi, wakamkaripia, akawa jiwe. Wazee wakarudi uani, wakateta, wakaamua: kwa kuwa hakuna neno la marehemu lililopatikana, binti aliyemwuguza abaki katika nyumba na sehemu ya juu, mpaka yatakapoonekana mengine. Kaka alisimama akaondoka bila kuaga. Miaka iliyofuata alinipita njiani kama mtu asiyenijua, isipokuwa siku za kugombana.

Nami nilibaki, lakini kwa huruma, na huruma ni mkate mgumu. Kila nilipogombana na kaka nilimrushia neno lilelile: "Baba alinipa! Alikwenda ofisini kwa miguu yake kunipa!" Niliamini hivyo kabisa. Nililima, nikafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, nikaitunza ile kahawa hata majirani walipokuwa wanaing'oa na kupanda nyanya, na jioni nilipopita kaburini nilimwomba baba msamaha kwa kuyapoteza maneno yake. Karani niliendelea kumwona kila Jumatano na Jumamosi. Nilirudisha maswali yote kwenye programu, naye hakulalamika tena. Alianza kuniletea vitu: mkungu wa ndizi, maharage, siku moja kuku mzima. Nilidhani ni wema wa uzeeni. Nilipomshukuru alikasirika, na hilo nalo sikulielewa.

Alistaafu macho yalipoanza kupoteza nuru. Usharika ukapata kompyuta yenye picha na kijana wa kuitumia, na ile ya bluu ikawekwa stoo ikiwa nzima. Karani alihamia Rau kwa binti yake. Ilipita miaka kadhaa. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, mtu akaniletea salamu: mzee anakuita, njoo leo, usingoje kesho.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, sweta lilelile, uso umegeuzwa kufuata sauti ya nyayo zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Sogea."

Nikasogea. Akanyoosha mkono, na mkononi mwake kulikuwa na jani la isale. Nilirudi nyuma hatua moja. Kila aliyekulia mlimani anajua maana ya jani hilo. Mtu akikuletea isale anaomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama alimuua ndugu yako. Ukishalipokea, limekwisha. Lakini kwa desturi mtu anajua anasamehe nini.

"Mzee, kuna nini?"

"Pokea kwanza."

"Nipokee nini nisichokijua? Aisee mzee, si ungeniambia tu?"

"Nikikuambia kwanza hutapokea. Pokea, binti yangu. Mimi ni mtu wa kwenda."

Binti yake alikuwa ametoka ndani na kusimama mlangoni, naye alionekana hajui kitu kama mimi. Nikalipokea lile jani. Karani akashusha pumzi, akaegemea kiti.

"Maneno ya baba yako hayakufunikwa na barua ya mtoto," akasema. "Si maswali uliyozima. Ni mimi."

"Uliyafuta?"

"Sijafuta kitu mimi!" Akakasirika kabisa, kama zamani. Kisha akapoa. "Unakumbuka kulikuwa na mafaili yenye nukta mwanzoni mwa jina? Nikakuuliza ni ya nani, ukasema ni ya mashine yenyewe, ukayaficha yasinisumbue. Ukaniambia chochote kikiwekewa nukta mbele hakionekani kwenye orodha. Basi. Alipokufa nikamwekea nukta. Yapo pale Juu mpaka leo. Wazee waliponiuliza nilisema siyaoni katika orodha, na kweli siyaoni. Nikakuona umekaa sakafuni unajilaumu, nikanyamaza. Kila Jumatano nilitaka kusema. Ningesema wangenilazimisha kuyafungua."

Miaka yote hiyo nimemwangukia baba kaburini kwa kosa ambalo sikulifanya, na jibu lilikuwa mahali ambapo mimi mwenyewe nilizima kwa kitufe. Nilitaka kupiga kelele, na jani lilikuwa mkononi.

"Kwa nini, mzee? Si alinipa? Si ungeyasoma tu, kaka anyamaze?"

Alifuta mikono yake kwenye sweta.

"Alimpa kaka yako yote," akasema. "Nyumba, juu, chini, kahawa. Kila kitu."

"Na mimi?"

"Hakusema."

"Hata jina langu?"

"Nilimkumbusha. Mara mbili. Ruwa, Mungu wetu, ni shahidi wangu, vidole viliacha kazi yake siku hiyo vikauliza. Nikamwambia, mzee, na binti aliyekusindikiza, aliyekaa hapo nje? Akasema, 'Andika linalofuata.'"

Nilimwamini. Nilitafuta mahali pa kutomwamini nikakosa, maana mtu yule hakuweza kumpunguzia mtoto hata mwaka mmoja. Nililia kwa sauti pale uani, na binti yake akaja akanishika bila kuuliza. Karani alinyoosha mkono hewani akinitafuta, nikampa wangu. Yeye alikuwa ameshasamehewa, na sikuona uchungu wowote juu yake, ila mshangao kwamba mtu aliweza kuvunja maisha yake yote ya ukweli kwa ajili yangu na kuona aibu.

Jioni nilipanda kurudi nyumbani. Baba amelala pale kwenye migomba, hatua ishirini kutoka mlango ninaoufungua kila asubuhi, na hakuna mtu aliyewahi kuniletea jani la isale kwa niaba yake.